Nakala ya Tano

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: anajulikana mtaani kama Mama Kopi
Umri: miaka 36
Kazi: mpiga kopi, kibanda cha pili kutoka lango la soko
Makazi: nyumbani kwa mama yake mzazi, pamoja na kaka yake na mke wa kaka

Nasema kwa hiari yangu, sikulazimishwa na mtu.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, saa nne asubuhi, mchoraji alikuja kibandani. Ni mteja wangu wa siku nyingi. Huchora watu wakila vile vitu wanavyokula kwa kujificha. Sura hachori, jina haandiki. Ni mikono tu, na tarehe chini. Aliagiza nakala nne za kila mchoro, za maonyesho.

Mchoro wa sita ulikuwa mkono uliobeba konzi ya mchele mbichi. Kidole cha shahada kilikuwa na kovu la kuungua kwa pasi. Wifi yangu ni fundi cherehani, na kovu lile nililipaka dawa mimi mwenyewe. Tarehe ilikuwa ya miezi miwili nyuma, kaka akiwa bado safarini kikazi.

Mdomo ukaniwasha. Nikatoa nakala ya tano, nikaitia kwenye mkoba. Mchoraji hakuniona. Msimsumbue, hana kosa.

Saa saba mchana nilimwonyesha mama. Nilidhani tutacheka. Mama alisema mwanamke anayetafuna mchele mbichi ana mimba, akaanza kuhesabu miezi kwa vidole. Kaka alikuwa mlangoni anavua viatu. Alisikia yote.

Saa nane kasoro dakika kumi nilimsikia wifi chumbani: "Nautafuna tangu utotoni, mume wangu. Muulize mama yangu." Kisha kishindo. Mlango ulifungwa kwa ndani. Niligonga mpaka kiganja kikavimba. Mama alikaa tu, akisema ya chumbani hayatuhusu. Kaka alipofungua, wifi alikuwa sakafuni, mkono wa kulia umevunjika.

Kaka amewaambieni alianguka bafuni. Ni uongo. Bafuni hakwenda.

Hospitali walimpima. Mimba hakuna, wala haikuwepo.

Mimi ndiye niliyemponza, na roho inaniuma. Jana nilimpelekea uji. Nilitaka nimlishe, maana mkono una plasta. Aligeukia ukutani, akasema, "Acha hapo, wifi. Nitakula ukishaondoka."

Niliyoyaona na niliyoyafanya ni hayo.

Sahihi ya shahidi: ……………

Maelezo ya ofisa: Shahidi amesomewa maelezo yake, amekiri ni sahihi. Ameelezwa kuwa mtuhumiwa, kaka yake, naye atasomewa maelezo haya. Ameuliza kama atasomewa yote. Ameambiwa, yote. Kisha ameweka sahihi.