Aluminium ya Coupé Nyekundu

Jumatatu, 7 août 2023
We Kaye, daftari yangu, Mudomo-Kufuli wangu, sikia hii! Papa Herménégilde amefunua gari yake, pale mutaa wa Kimanga, karibu na ziwa. Coupé nyekundu ya 1969, viti mbili tu! Jumamosi itabeba binti yake Consolée ku ndoa. Lakini ile aluminium inazunguka vioo na milango imefifia kabisa. Upande wa kushoto amenipa minye. Kulia — Achille, mushindani wangu! Mwenye atang'arisha muzuri zaidi atapewa nafasi ya kufungua atelier ya ufundi mbele ya duka yake. Kaye, ile nafasi ni yangu. Lazima.

Jumanne, 8 août
Nilibandika scotch, ile utepe ya gundi, juu ya rangi kwanza, pâte ya kusugulia isiikwaruze. Kitambaa laini, polepole, mustari moja. Uchafu ukatoka mweusi — mweusi! Chini yake nikaona meno yangu. Nani alinifundisha? Hakuna. Nilijaribu tu ku pikipiki za watu.
Papa akapita: si mubaya, binti. Akaenda kwa Achille, akamushika bega. "Fundi wetu!" Fundi gani? Saa nzima iko anajipiga video! Na Gloriose wa pharmacie, ile duka ya dawa, anacheka kila neno yake. Minye, na mikono nyeusi ya uchafu, Gloriose aliniambia tu: "Débo, unauza makala ya jiko siku hizi?"

Jumatano, 9 août
Wivu. Naandika tu, weye hausemi.

Alhamisi, 10 août
Nimemaliza. Cire, nta ya kulinda, mara mbili, hewa ya ziwa isiichafue tena. Nikamwaga maji juu — yanateleza matone matone! Achille hajapaka cire hata kidogo. Nikamuita Papa aone. Eti ndiyo, anaona, lakini Achille iko na mwendo, anamaliza haraka. Na grille ya mbele, wavu ya aluminium ku pua ya gari, ile watu wote watatazama, amemupa Achille! Grille yenyewe hakuna ingine, ndugu ya Papa aliitafuta mupaka Ubelgiji.
Nilienda kukaa nyuma ya gari. Sikulia. Kidogo tu.

Ijumaa, 11 août
Achille amekuja na ndoo ya soude, ile wamama wanapikia sabuni. Eti atatumbukiza grille, dakika tano, uchafu wa ndani ya pembe umeisha. Kaye! Soude inakula aluminium yenyewe! Mwaka jana niliitia mu sufuria ya aluminium ya mama: ikatoka povu bila moto, ikageuka rangi ya majivu. Nilisugua siku tatu, wapi!
Na ameniuliza! Kwa sauti ya chini, Gloriose asisikie:
"Débo, dada yangu, soude iko sawa kwa hii? Sema ukweli."
Dada yangu! Leo!
Nikajibu: "Si weye njo fundi?"
Akacheka, akaenda kuomba gants za kukinga mikono kwa jirani. Grille iko chini, kando ya ndoo. Papa iko ku barza, anakunywa chai, anaimba. Minye naandika juu ya magoti. Nikisema, Achille anaokoka, na atelier inakuwa yake. Nikinyamaza, grille inakuwa majivu, na kesho ni ndoa ya Consolée…
Amerudi. Anavaa gants. Ananiangalia, bado anangoja jibu. Kaye, weye ungefanya nini?