"Rudini Nyuma," Nilimwambia Bibi Harusi

Jumamosi, jioni. Kitengela. Mvua ya jana imeondoka na vumbi lote, hewa ni safi, na mimi nina tope hadi magotini.

Shajara, leo nimefika nyumbani sauti imenikauka na bado natabasamu peke yangu. Mama mwenye ploti amenikuta kwenye mfereji naosha buti, akaniuliza kama nimechumbiwa. Nikamwambia hapana, lakini nimetoka harusini. Akayaangalia yale mabuti, akaiangalia fulana yangu ya riflekta, akaingia kwake bila kuuliza zaidi.

Kwa anayepita kwenye shajara hii ya mtandaoni kwa mara ya kwanza: naitwa Mwikali, mzaliwa wa Makueni, mpangaji wa Kitengela, na kazi yangu ni kusimama barabarani. Tunakarabati kipande cha barabara kuu kati ya Isinya na Kajiado. Tunang'oa lami iliyochoka na kutandaza mpya, na mimi ndiye yule mwanamke mwenye kibao, upande mmoja STOP, upande wa pili GO. Madereva hunitukana kwa lugha zote za Kenya. Matusi ya Kimaasai niliyajua kabla ya salamu.

Lakini kazi hii naipenda, na sioni haya kusema. Napenda kuona barabara iliyokuwa mashimo matupu ikigeuka nyeusi na nyororo. Napenda hata ile harufu, ingawa nywele zangu zimeanza kulalamika.

Naomba nianze na mvua, maana kisa chote kilitokana nayo.

Tulikuwa tumewaambia watu wa maboma ya karibu kwamba njia itafungwa Ijumaa. Ijumaa ikanyesha. Lami haitandazwi juu ya maji, kwa hiyo kazi ikasukumwa hadi leo. Madereva waliwekewa vibao vipya, koni zikapangwa, magari yakaelekezwa kwenye daivashen, njia ya muda ya udongo wa marram, upande wa pili wa barabara. Watu wa maboma hawakuambiwa na mtu. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake ameenda.

Mimi nikawekwa mahali ambapo kanjia ka boma moja kanatokea barabarani. Mbele yangu lami mpya ilikuwa imetoka kumwagwa, bado inafuka moshi. Msimamizi wetu, Bwana Adan, alinionya kwa kidole. Bwana Adan ni mtu wa Garissa, mpole sana wakati wa chai na mkali kupita kiasi wakati wa lami. Kwake lami mpya ni mtoto mchanga. Haiguswi, haikanyagwi, na ukiweza usikohoe karibu nayo.

Mara nikasikia nyimbo.

Msafara wa magari ulikuwa unatoka bomani, Prado nyeupe mbele ikiwa na riboni, Probox zikifuata, wanawake wamejaa shuka nyekundu na shanga, wanaimba hadi vioo vinatetemeka. Nilifurahi hata mimi, nikacheza kidogo. Halafu nikainua kibao changu, nikaenda dirishani, nikasema yale ninayoyasema kila siku.

"Habari zenu. Hapa hampiti, lami bado iko moto. Geuzeni, mrudi nyuma, mzunguke na ile njia ya juu."

Nyimbo zilikatika kama redio iliyoishiwa betri.

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na wangu ulikuwa umeanguka chini mzima mzima.

Kwenye kiti cha mbele alikuwa ameketi nyanya mmoja wa upande wa bwana harusi, ambaye wote walimwita Koko, yaani bibi kwa Kimaasai. Alikuja kumchukua bibi harusi na alikuwa ndiye mkuu wa msafara, hilo halikuhitaji kuelezwa. Alishusha kioo hadi mwisho.

"Umesema arudi?"

Nikasema ndiyo, kwa sababu ya lami.

"Wewe msichana, huyu ametoka kwa baba yake saa hii. Akitoka harudi. Hata kuangalia nyuma, haangalii."

"Na akiangalia?" nikauliza, kwa ujinga wangu.

"Anakuwa jiwe."

Kicheko kilinijia hadi kooni. Kisha nikamwona bibi harusi mwenyewe, Nasieku, kwenye kiti cha nyuma kando ya bwana harusi wake, Lemayian. Alikuwa amepakwa mafuta, shanga zimempanda hadi kidevuni, ameshika kiti cha mbele kwa mikono yote miwili. Macho yake yalitazama mbele tu, na machozi yalikuwa yanashuka bila yeye kuyafuta.

Kicheko kikarudi kilikotoka.

"Dada," aliniambia, bado anatazama mbele, "mimi si jiwe naogopa. Mimi ni mwalimu wa sayansi. Ni baba. Amekuwa mgonjwa, hata kitandani alikuwa hatoki. Leo amesimama mlangoni, akanibariki na maziwa, akaniambia nisigeuke. Sasa nirudi hapo tena anione? Siku yenye ameweza kusimama?"

Nilihisi kibao kimekuwa kizito mkononi. Sisi Wakamba tuna mila zetu, na asiyejua maana haambiwi maana, lakini hii niliielewa bila kufunzwa. Mzee alikuwa amejikusanyia nguvu zake zote kwa neno moja, na mimi nilikuwa nataka kulirudisha kwake kama sufuria ya kuazima.

Nikamkimbilia Bwana Adan.

Alikuwa anahesabia kichwani lori za lami zilizokuwa zinangoja, maana ikipoa kabla ya kushindiliwa ni hasara. Nilimweleza mbio mbio. "Gari haikanyagi hiyo lami, walahi," akasema. "Hata ikuwe ya rais." Akauliza kama mzee ni mgonjwa kweli. Akaanza kutembea kwenda kwenye Prado kabla sijajibu.

Pale dirishani alivua kofia yake ngumu. Sijawahi kumwona akiivua kazini, hata kwa mainjinia.

"Takwenya, Koko," akamsalimia.

"Iko," akaitikia Koko, lakini uso haukulegea.

Adan akaitazama lami. Akautazama ukingo wa barabara. Akamtazama Nasieku.

"Gari siwezi. Lakini miguu je?"

Mlango wa nyuma ulifunguka kabla hajafunga mdomo. Nasieku alishuka na shanga zake zote zikilia, akimwambia Lemayian ateremke naye. Koko akapiga makofi. "Mimi nilitembea! Sisi wote tulitembea! Gari ilikuwa wapi?" Ghafla lami yetu haikuwa kikwazo tena, ikawa kama ni sisi tuliowakumbusha mila. Sikubisha.

Shida ilibaki moja. Kando ya lami hapakuwa na pa kupita. Ukingo wote, kuanzia hapo hadi mbele ambako kazi haijafika, ulikuwa na milundo ya marram, na mtaro ulikuwa umejaa maji ya mvua. Huwezi kumpitisha bibi harusi mtaroni.

"Mabeleshi!" Adan akapiga kelele. "Wote! Leteni na ile mashine ndogo ya kushindilia!"

Shajara, nimefanya kazi na wale watu muda sasa, na nakuambia hatujawahi kutengeneza barabara kwa raha namna ile. Watu waliacha chai. Milundo ikasambazwa, mawe yakaokotwa kwa mkono, ile mashine ndogo ikapita ikinguruma na kurukaruka. Hakuna aliyelalamika mgongo. Mmoja alikuwa anapima upana kwa mikono, anauliza kama shuka zitapita. Adan mwenyewe aliinama akatoa kijiwe, akakitupa, akasema barabara ya harusi haiwekwi matuta.

Wakati huo Lemayian aliwaambia madereva wageuze magari wapite bomani, wazunguke njia ya juu, watukute mbele. Magari hayajaolewa, yanaweza kurudi.

Njia ilipokuwa tayari nilikigeuza kibao changu kikawa GO. Nikaenda mbele yao nikitembea kinyumenyume, uso kwao, kama tunavyofanya tukiongoza mashine. Koko alinikagua kwa mashaka, kisha akaamua kwamba mimi si bibi harusi, naweza kuangalia ninakotaka.

Tukaanza. Nasieku polepole, akitazama mbele, majani mabichi ya baraka viatuni, Lemayian kando yake, Koko nyuma yao, kisha wanawake wote na nyimbo zao. Kulia kwao lami inafuka. Vibarua walijipanga kando ya mtaro, mabeleshi yameinuliwa juu. Wafula, dereva wa rola, hakuweza kusimama, kwa sababu rola likisimama juu ya lami ya moto linaacha bonde. Kwa hiyo akawa anaendelea na kazi yake, mbele na nyuma, na kila akitupita anapiga honi. Kila akirudi nyuma Koko anamkazia macho.

Tulikuwa tumepita nusu nilipoona kitu nyuma yao.

Pale kanjia kanapotokea, mtu alikuwa amesimama. Mwanzoni nilidhani ni mpita njia. Kisha nikaona shuka, na fimbo ndefu, na watu wawili wamemshika mikono. Nikaelewa. Magari yalipita bomani bila binti yake. Mzee aliyaona hayana bibi harusi, akauliza yuko wapi, akaambiwa anatembea. Akaja kuona.

Nadhani uso wangu ulinisaliti, kwa sababu Nasieku aliniona.

"Kuna nini nyuma?" akauliza kwa sauti ndogo.

Wanawake walikuwa bado wanaimba, hawajui. Mimi peke yangu nilikuwa natazama kule. Niliogopa. Niliwaza, nikimwambia atageuka, nani asingegeuka? Lakini sikuweza kumficha.

"Ni baba," nikasema. "Amekuja hadi barabarani."

Hatua zake zilisita. Shingo yake ilikazika, nikaona mshipa. Koko akatambua kuna jambo, akaacha kuimba, akasema kwa upole ambao sikujua anao, "Mbele, mtoto wangu. Mbele."

"Amesimama?" Nasieku akaniuliza.

"Amesimama."

"Ameshikwa?"

Nikaangalia. Na wakati ule ule, sijui kama alijua tunamzungumzia, mzee akaitoa mikono yake mikononi mwa wale watu. Akabaki na fimbo.

"Alikuwa ameshikwa. Sasa hajashikwa. Anatutazama."

Nasieku alicheka na kulia kwa pamoja. Hakugeuka. Aliendelea kutembea, na bila kugeuza hata kidevu, akainua mkono wake wa kulia nyuma ya bega, vidole wazi, akapunga. Akapunga kuelekea asikokuona.

"Ameona?"

Mzee aliinua fimbo yake juu kabisa, akaishikilia pale.

"Ameona," nikamwambia. "Ameinua fimbo. Bado ameiinua." Nikaendelea kumweleza kila hatua, bado, bado, huku natembea kinyumenyume na machozi yananifikia mdomoni, na nyuma yangu Adan ananipigia kelele niangalie nisianguke mtaroni.

Nilianguka mtaroni. Ndiyo maana ya tope.

Wote walicheka, Nasieku zaidi ya wote, na nikafurahi kwamba alifika mwisho wa lami akicheka. Magari yalikuwa yameshafika. Kabla ya kupanda, Koko alinishika kichwa kwa mikono yake miwili, akanibariki kwa Kimaasai, maneno mengi. Nilielewa "ashe oleng" tu, asante sana. Yaliyobaki nayapokea yalivyo.

Tuliporudi kazini lami ilikuwa imeshindiliwa vizuri, haina bonde hata moja. Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti kando ya kanjia, amekataa kupelekwa nyumbani, anamtazama Wafula akiendesha rola. Nikampelekea chai. Aliniuliza kama binti yake aligeuka. Nikamwambia hapana, hata mara moja. Akasema alijua, alitaka tu kusikia.

Jumatatu tunasonga mbele kidogo, na kuna maboma mengine kando. Nimemwambia Bwana Adan kwamba kabla hatujamwaga hata ndoo moja, mtu aende kila mlango aulize nani anaolewa, nani anatahiriwa, nani anahama na ng'ombe. Amecheka, akasema mtu huyo ni mimi.

Naanza kesho, nikitoka kanisani.