Uzi Mwekundu Kwenye Wimbi wa Mama

Magwagwa,
Nyamira.
14 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Momanyi,

Bwakire buya! U mzima huko Kanada? Baridi haijaanza kuuma? Sisi tu wazima, namshukuru Mungu. Mgongo wa Mama umepoa. Mume wangu Onchiri anakohoa kidogo, lakini kula hajaacha.

Sasa kaa chini nikushukuru vizuri, maana shukrani hizi zimenikaa kifuani tangu mavuno.

Unakumbuka ulivyonipigia simu mwaka juzi? Ulinieleza kazi yenu ya kuzalisha bangi ya leseni: kiangazi chenu ni kifupi, kwa hiyo mnachagua miche inayowahi kuchanua na isiyonyauka kwa baridi, mnaichavusha yenyewe kwa yenyewe, mnaweka mbegu zake tu. Mimi nilikuwa nalia kwamba wimbi wa Mama, huo ulezi wetu wa ugali, unapigwa na baridi na mvua ya mawe kabla haujakomaa, na ile mbegu aliyotuachia marehemu nyanya yetu inaisha. Ukasema, "Dada, fanya hivyo hivyo kwa wimbi."

Nilifanya kwa siri. Unajua tangu Mama asikie unazalisha bangi hakutaka jina lako litajwe nyumbani. Shemasi mzima, mwanawe na bangi! Huu ni mwaka wa tatu tangu asikie. Basi nikafunga uzi mwekundu kwenye masuke yaliyotangulia kukomaa, nikanyamaza.

Lo! Mama akayaona. Uzi mwekundu shambani kwa mjane? Akasema huo ni uchawi, kuna mtu anataka kutumaliza. Akayakata yote, akayarundika nyuma ya jiko ayachome. Lakini ilikuwa Ijumaa, jua linazama, Sabato ikaingia, na Mama hachomi kitu Sabato. Nililala roho mkononi. Kesho yake tulipotoka kanisani nikapiga magoti, nikamwambia yote.

Alinitazama, weee, nikadhani nitachapwa na miaka yangu arobaini! Kisha akauliza kama "yule" anakula vizuri huko. Jina hakutaja. Akaenda nyuma ya jiko, akayaokota masuke moja moja.

Sikukuambia mapema kwa sababu niliogopa mbegu isije ikaniumbua. Tumeipanda misimu miwili, tukichagua tena. Julai hii mawe yalianguka kama kawaida yake, ila wimbi wetu ulikuwa tayari ndani ya nyumba. Asante, Momanyi. Asante sana. Umetuokolea mbegu aliyotuachia nyanya.

Juzi jirani yetu Bitutu alikuja kuomba mbegu. Mama akamuuliza, "Unataka ile ya zamani, au unataka Momanyi?" Nilikuwa jikoni, machozi yakanitoka hapo hapo. Mbegu ameipa jina lako! Sasa wanawake wanakuja kila siku kuiomba, naye anakutaja bila haya, hata mbele ya mchungaji.

Onchiri na binti yangu Kemuma wanakusalimu sana. Mama amekataa kunipa salamu zake. Anasema umpigie Jumapili, atakupa mwenyewe.

Mungu akulinde, akupe mikono yenye baraka na chakula cha moto.

Dada yako akupendaye siku zote,
Mokeira