Mama, Nilichagua Mwisho wa Oktoba

Mama,

Shikamoo. Najiitikia mwenyewe kwa sauti yako: marahaba mwanangu, umekula? Maana hukuwahi kuniitikia salamu bila kuniuliza chakula. Nimekula, Mama. Nimekula wali wa nazi na samaki wa kupaka, na Baba amekula pia, tena ameongeza.

Nakuandikia hapa barazani kwetu Malindi, Jumapili baada ya kanisa. Miezi tisa imepita tangu tukuzike nyumbani Ganze, na muda wote huo nilikuwa na jambo la kukuambia, nisijue nianzie wapi. Acha nianze na ile helikopta.

Unakumbuka ilivyokuja mara ya kwanza, Agosti ya mwaka juzi, hoteli yetu imejaa wageni mpaka vyumba vya nyuma. Mwenye hoteli alikuwa ameikodi kwa wiki tatu, pamoja na rubani wake, Kapteni Bruno, yule Mwitaliano wa Kiswahili cha sokoni, iwe inawapeleka wageni kutazama visiwa vya Lamu kutoka juu. Meneja wetu, Bwana Kariuki, akanitoa mapokezi akanikalisha meza ya safari. Kazi yangu ilikuwa kuandika majina, kupanga saa, na kuwaeleza wageni watakayoyaona. Nikawaeleza kwa moyo wangu wote, mambo ambayo mimi mwenyewe sijawahi kuyaona.

Nao hawakuyaona. Kusi, upepo wa miezi hiyo, ilikuwa imekaza. Siku nyingi Kapteni Bruno alitazama juu, akatikisa kichwa, akarudi kunywa kahawa. Siku alizoruka, helikopta ilirushwarushwa, mawingu yako chini, bahari imechafuka hata huwezi kujua mwamba uko wapi na maji yako wapi. Mama mmoja wa Kiswisi aliteremka akanishika mkono asiniachie, akaniambia kitu pekee alichokiona vizuri ni magoti yake.

Wewe ulikuwa kule dobi, chumba cha kufulia, unakunja shuka, nilipokuja kukusimulia. Hukucheka. Ulisema tu, "Wamekuja msimu wa kupepetwa, hawakuja msimu wa kutazama."

Nikakuuliza msimu wa kutazama ni upi, nawe ukanipeleka nje kwenye kamba. Miaka kumi na tisa uliianikia hoteli ile shuka zake, na nadhani siku ile ndiyo mara ya kwanza mtu kukuuliza ulichokiona. Ukaniambia Kusi inazipiga shuka mpaka zinajisokota, na ukiigusa moja kwa ulimi ina chumvi. Chumvi hiyo imo hewani, ndiyo inayotia kiwi macho. Masika hazikauki, basi hakuna la kusema. Januari na Februari, Kaskazi ikishashika, zinakauka kabla hujamaliza safu ya pili, bahari imetulia na kila mtu anasifu. Lakini pitisha kitambaa cheupe juu ya kamba utakuta vumbi, na ng'ambo ya ghuba Mambrui imefifia. "Karibu utaona," ulisema, "mbali huoni kitu." Kisha ukanitajia zile siku chache za mwisho wa Oktoba, Kusi imechoka na Kaskazi haijaamka, manyunyu mawili matatu yameshaosha hewa. Siku hizo shuka inaning'inia wima, haitikisiki, na ukisimama pale dobi unaweza kuhesabu minazi ya Mambrui mmoja mmoja.

Nilikusikiliza kwa sikio moja, Mama. Lile jingine lilikuwa mapokezi, linasikiliza kama naitwa.

Na hapa ndipo penye jambo lenyewe. Wiki ile ile ulipita mbele ya meza yangu na kapu la taulo, ukanipungia mkono, ukatabasamu. Mgeni niliyekuwa naye akaniuliza, yule ni nani? Nikamjibu, "Mfanyakazi wa dobi." Nilisema kwa Kiingereza, nikidhani hutaelewa. Lakini miaka kumi na tisa na wageni, ungeacha vipi kuelewa? Mkono wako ulishuka polepole. Saa saba ukaniletea chakula kama kawaida, muhogo na mchuzi wa pweza, ukaniambia nile kabla haujapoa. Hukulitaja kamwe. Ningependa sana ungelitaja.

Halafu masika yakaja, kifua kikakubana, tukakupeleka hospitali Kilifi. Baba alilala kwenye benchi la nje siku sita, hakukubali kurudi nyumbani hata kubadili shati. Asubuhi ya mwisho nilitaka kukuomba radhi. Nilikuwa nimeshafungua kinywa. Ukaniambia, "Kadzo, mbona umekonda?" Nami nikacheka, nikalia, ukawahi kulala kabla sijasema.

Sasa nikueleze yaliyofuata, maana mengi yamekuwa mema.

Juni ilifika barua kutoka Ujerumani, imeandikiwa meza ya safari. Bwana Otto, mzee aliyewahi kuwa fundi saa, alikuwa akiuliza neno moja. Mkewe, Bibi Klara, macho yake yalikuwa yanazimika. Daktari amewaambia mwaka mmoja, pengine pungufu. Mkewe hakutaka kwenda kuona majumba wala makanisa, alitaka kuona visiwa vya bahari ya joto akiwa juu kama ndege. Uwezo wa kuja walikuwa nao wa mara moja tu. "Tuchagulie mwezi," aliandika, "nasi tutakuja mwezi huo."

Niliisoma barua ile mara nne. Mpaka siku ile kuwachagulia watu msimu kulikuwa ni kufungua kitabu cha bei nikatazama vyumba vipi viko wazi. Nikaenda kwa Bwana Kariuki.

Yeye alikuwa ameshaamua. Helikopta itarudi wiki tatu tena, na itakuja Krismasi, wageni wakiwa wengi. Alisema hii ni mara ya mwisho. Ikiharibika kama Agosti, mwenye hoteli anaifuta, na meza yangu ya safari inafutwa pamoja nayo. Nikamwambia Krismasi hapana. Mvua za bara zikinyesha Novemba, Mto Sabaki unashusha tope jekundu, na Kaskazi ikianza inalisukuma lote huku kwetu. Wageni wataruka juu ya uji. Nikamwambia mwisho wa Oktoba, tena siku za bamvua, maji yanapokupwa kabisa saa nne asubuhi. Hilo la maji nililijua mwenyewe, kwa kuwapangia wageni siku za kutembea mwambani. Mafungu ya mchanga yote huwa nje saa hiyo, na jua liko pazuri.

"Oktoba hoteli ni tupu," akasema. "Na hewa? Nani amekuambia hewa itakuwa safi?"

Mama, ningeweza kusema nimesoma. Ningeweza kusema ni watu wa uwanja wa ndege.

"Mama yangu," nikasema. "Sidi wa dobi. Ni mama yangu mzazi."

Alikuwa hajui! Miaka mitatu nafanya kazi chini yake, na hajui. Alinitazama, akavua miwani. "Yule mama aliyekuwa anakataa kuanika nikimwambia aanike, halafu mvua inanyesha?"

"Huyo huyo."

Akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeshindwa mara nyingi. "Haya basi. Lakini ikikataa, Kadzo, utarudi huko huko dobi."

"Hiyo si adhabu, bwana," nikamwambia. Nikatoka, na kifuani kitu kimelegea ambacho kilikuwa kimekaza tangu Kilifi.

Nikawaandikia Wajerumani: njooni mwisho wa Oktoba.

Walikuja. Bibi Klara ni mwembamba, mrefu, anatembea ameshika kiwiko cha mumewe kama watu wanaokwenda kucheza dansi. Alinigusa uso kwa vidole ili anijue. Na siku ya kwanza mvua ikanyesha. Ya pili ikanyesha. Haya hayakuwa manyunyu yako, Mama, ilikuwa mvua ya kujaza ndoo. Bwana Kariuki alipita mbele ya meza yangu mara tano, na kila alipopita nilijifanya naandika. Bwana Otto hakulalamika. Aliniuliza tu, kwa upole, kama kwetu mvua huwa ndefu. Nilikwenda chooni nikajifungia.

Siku ya tatu niliamka kukipambazuka nikaenda dobi. Bi Halima, mwenzako, alikuwa ameshatangulia. Nilikuta ameanika shuka moja tu, katikati ya kamba zote tupu, amesimama mbele yake mikono kiunoni. Akaniambia, "Mamako ndivyo alivyokuwa akifanya. Anatanguliza moja, anaitazama." Tukaitazama wote wawili. Haikutikisika. Hata pindo halikutikisika. Nikageuka kaskazini, na Mambrui ile pale! Minazi, mchanga, paa la msikiti, kila kitu kimechongwa. Nilikimbia, Mama. Nilikimbia na viatu vya kazi mpaka kwa Kapteni Bruno, nikamkuta na kikombe mkononi anatazama juu. "Leo," akasema. "Leo ndiyo yenyewe."

Kulikuwa na kiti kimoja wazi. Kapteni akaniambia nipande, kwa sababu Bibi Klara alihitaji mtu wa kumtajia majina ya mahali kwa Kijerumani, na Kijerumani changu cha mapokezi kilikuwa bora kuliko chake. Sikuwahi kupanda hata ghorofa ya tatu. Tulipoinuka nilishika mkanda nikaliita jina lako kwa sauti. Kelele ya kuinuka ilikuwa nyingi, hakuna aliyesikia.

Tulivuka mdomo wa Sabaki, maji yake bado ya kijani, lile tope lilikuwa halijafika. Ngomeni, kisha ile ghuba ndefu ya Ungama, kisha Mto Tana ukigawanyika mara nyingi kama nywele zilizochanuliwa. Kapteni hakuhangaika na usukani hata mara moja. Helikopta ilikwenda sawa kabisa. Ilipokaribia saa nne tukafika visiwani.

Nikusimulieje? Nilidhani kisiwa ni ardhi iliyozungukwa na maji, basi. Kumbe ardhi ndiyo kitu kidogo. Maji yalikuwa yamekupwa, na mafungu ya mchanga yalikuwa wazi yote, meupe, yamekatwakatwa na mikondo ya maji ya kila aina ya samawati na kijani. Mikoko imeshona kingo zote. Mwamba unaonekana chini kabisa ya maji, mpaka vivuli vya mawe. Na sisi wenyewe, kivuli chetu kidogo kinapita juu ya mchanga, kinapanda kisiwa, kinashuka, kinapita tena majini. Lamu, Manda, Pate, na mbele zaidi Kiwayu, vyote kwa mara moja, bila vumbi hata chembe.

Bwana Otto alikuwa ameinama sikioni kwa mkewe, anamwelezea. Hapa pana mchanga, hapa pana miti. Kwa upendo, bila kupumzika. Mara Bibi Klara akaweka mkono wake juu ya mdomo wa mumewe.

"Nyamaza, Otto," akasema. "Naona."

Akanyamaza. Akamshika mkono, na wote wawili wakatazama chini, na mimi nikatazama dirisha langu kwa sababu sikuwa na haki ya kutazama nyuso zao. Tukatua Manda kuongeza mafuta. Pale Bibi Klara aliniuliza ni nani aliyejua kuchagua siku kama ile. Nikamwambia habari zako zote, Mama, tangu mwanzo, tumekaa kwenye kivuli cha ile helikopta. Jina lako, kazi yako, mahali ulipozaliwa. Nikamwambia na lile neno nililolisema kwa Kiingereza. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuniambia nisijali. Aliniambia, "Sasa nitawaambia na wa kwetu kuhusu Sidi." Nadhani ndiyo sababu nililala vizuri siku ile.

Siku zilizofuata helikopta iliruka karibu zote. Wageni wa hoteli za jirani walikuja, hata wengine kutoka Kikambala. Bwana Kariuki ameandika kwenye ratiba, kwa mkono wake, kwamba helikopta ni mwisho wa Oktoba kila mwaka, na mtu asiguse. Juzi hoteli moja ya Bofa, huko Kilifi, imeniita nikawaeleze wao wapange lini safari zao. Nitakwenda Jumatano. Nitavaa lile gauni lako la maua, nimelipunguza kiunoni, usikasirike.

Bi Halima ndiye msimamizi wa dobi sasa. Mapokezi kuna msichana mpya, nami nimemfundisha kuwaita watu wa dobi kwa majina yao, mmoja mmoja, mbele ya wageni.

Baba anaendelea vizuri. Miezi ya kwanza alikuwa anakaa tu, akitazama mlango. Sasa ameanza kwenda Ganze kila mwisho wa mwezi kupalilia, na akirudi ananiletea mahindi na habari za kila mtu. Nimemwambia Oktoba hii ijayo kuna kiti chake, nimeshamwombea kwa Kapteni. Akaniambia labda wamfunge kamba ndipo apande. Nimemwambia kamba ipo.

Basi, Mama, nikuache upumzike. Niwie radhi kwa neno lile. Nimeshakuomba, na nakuomba tena. Nakuahidi nitakula. Nakuahidi nitampandisha Baba, na atalalamika mpaka Ngomeni, na baada ya Ngomeni atanyamaza. Nitamshika mkono mimi.

Mwanao,
Kadzo wa Sidi