Papa, Walikujibu

Papa,

Walikujibu, na wewe ulijua. Sijui nianzie wapi.

Tangu tukuzike, mimi ndiye ninashika darasa lako la fizikia hapa Kyeshero. Prefe, mkuu wa shule, aliniomba, nikakubali kabla ya kufikiri. Juzi nilifungua mafaili yako kutafuta somo la mwanga, nikakuta barua kutoka Chile, ya watu wa ile darubini kubwa ya jangwani uliowaomba nafasi zamani. Wanakualika kwa mafunzo ya miaka miwili. Iliandikwa wiki tatu baada ya lava ya volkano kuchukua nyumba yetu.

Maisha yetu yote ulituambia, "Hawakujibu." Ulisema ukicheka, kisha unarudi kusahihisha madaftari.

Nilimuonyesha Mama. Aliisoma polepole, akavua miwani. "Hata miye alinambiaka hawakujibu," akasema, akaingia jikoni. Sijathubutu kumuuliza zaidi.

Ulibaki kwa ajili yetu? Ama uliogopa? Wakati ule nilikuwa mutoto wa miezi minne. Nikiamini la kwanza naona aibu, nikiamini la pili naona hasira, na kesho yake nabadilisha tena.

Na bado ilibidi nifundishe. Nilichukua beseni la maji kama ulivyofanya wewe, nikaweka kifungo chini, nikatikisa maji. Nikawaambia hewa inatikisa nyota vilevile. Ndiyo maana pale kwenye darubini wanarusha mwale wa leza angani, unatengeneza nyota ya bandia, kompyuta inaisoma, na kioo chembamba kinajikunja mara nyingi kwa sekunde mpaka picha itulie. Nikaeleza pia chombo kinachopasua mwanga kuwa rangi, mutu akajua nyota imeundwa na nini na inakimbia vipi. Ndivyo walivyofuata nyota zinazozunguka kitu cheusi katikati ya galaksi yetu, wakajua uzito wake bila kukiona.

Furaha, yule anayekaa karibu na dirisha, akauliza, "Madame, muzee alifikaka kule?"

Nikasema hapana. Kisha nikasema, "Walimuita." Nikageuka kufuta ubao. Sijui kama nilikuheshimu ama nilikusaliti.

Nimewaandikia na mimi, Papa, kwa anwani ileile, kuomba mafunzo yaleyale. Wakijibu, ndiyo ama hapana, nitamsomea Mama siku hiyohiyo. Hilo nakuahidi.

Pumzika. Jumapili nitakuja kung'oa majani kaburini, hata kama hasira haijaisha.

Binti yako,
Neema