Dada Limau na Chupa Kumi na Nane

Dada yetu, mwaka umetimia tangu utuache. Nyanya zimeiva tena na kwisha, na safari hii tumezihifadhi bila wewe. Mdogo wako ndiye aliyepewa na wenzake kazi ya kuandika haya. Maneno matamu hana, unamjua. Atasema yaliyotokea.

Ulikuwa fundi cherehani mwaka mzima, isipokuwa wiki mbili za mwisho wa msimu wa joto. Hapo cherehani ilifunikwa shuka, na mdogo wako akakuletea makreti ya nyanya kutoka shambani kwake. "Bwana Shamba kafika," ulikuwa ukisema. "Fungueni mlango kabla hajaupiga teke." Ukaingia jikoni na utepe wako wa kupimia nguo bado unaning'inia shingoni.

Nyanya ulizitumbukiza kwenye maji ya moto, kisha ya baridi, ukazivua ganda kama soksi. Kila chupa uliitilia kwanza vijiko viwili vya maji ya limau, ukaiambia, "Wewe tayari." Ndipo ukaijaza nyanya, ukaifunga na kuichemsha.

"Mama, unazisalimia chupa?" binti yako alikuuliza.

"Nazisalimia. Zina adabu kuliko nyie."

Ulitufundisha kwamba bila limau nyanya za chupa zinaweza kugeuka sumu, na mtu asiione wala kuionja. Ndiyo maana tulikuita Dada Limau.

Baridi ilipoingia hakuna aliyetoka kwako mikono mitupu. Jirani mwenye mapacha alipata chupa yake. Hata yule mteja aliyelalamika kwamba gauni linambana alipata mbili, "ili azidi kubanwa."

Mwaka jana, asubuhi baada ya kuchemsha, mdogo wako alikukuta kwenye karo la kuoshea vyombo ukifungua chupa moja moja na kumwaga. Zote kumi na nane.

"Dada, una wazimu? Hilo ni jasho langu!"

"Sikumbuki kama nilitia limau."

Akachovya kidole, akaonja. "Hii ina limau!"

"Labda ni uchachu wa nyanya tu. Na ya pili yake?"

"Aa, Dada!"

"Siwezi kumlisha mtu kitu nisichokikumbuka, Bwana Shamba."

"Umezeeka vibaya," akakuambia. Akabeba makreti yake matupu, akaondoka. Ulikuwa umeushika ukingo wa karo kwa mikono miwili. Aliona, akadhani ni hasira.

Hatukujua kwamba siku zile ulikuwa unasahau mengi. Ulisahau vipimo vya nguo. Ulisahau njia ya kurudi kutoka sokoni. Jina la mjukuu wako ulilikosea kila siku, nasi tukacheka, tukidhani unatania. Ulificha ili usitutie hofu. Daktari alipotuambia kuna uvimbe kichwani, hapakuwa tena na la kufanya.

Mdogo wako alinuna wiki tano. Mumeo alimpigia simu mara mbili. "Shemeji, njoo. Dada yako anakuulizia." Akasema ana kazi shambani. Haikuwapo kazi yoyote, nyanya zilishakwisha. Alipoambiwa unaumwa na kufika hospitali, ulikuwa huongei tena. Aliushika mkono wako wenye sugu ya mkasi, na neno alilokwenda nalo hakulisema. Ukaenda zako hujalisikia.

Mwaka huu alileta makreti kama kawaida. Hakuna aliyetania mlangoni. Binti yako akashika sufuria, yeye akashika limau. "Wewe tayari," akaiambia chupa ya kwanza. Akaendelea hivyo hivyo hadi mwisho.

Asubuhi, chupa zilipopoa, binti yako alimuuliza, "Mjomba, ile ya mwisho uliiambia?"

Akafikiri sana. Hakukumbuka.

"Ni moja tu, Mjomba. Nani atajua?"

"Mama yako."

Akaifungua, akaimwaga yote. Kisha akabaki kwenye karo, mikono ukingoni, vile ulivyosimama wewe. Hapo ndipo neno lilipotoka, sote tukilisikia: "Nisamehe, Dada." Lilikuwa limechelewa mwaka mzima. Binti yako alifungua bomba ili mjomba wake apate kulia bila kusikika.

Tunakukumbuka sisi: mumeo, ambaye hajaiondoa ile shuka kwenye cherehani, binti yako, anayezisalimia chupa sasa, mjukuu wako, ambaye mpaka leo anaitikia lile jina jingine ulilokuwa ukimwita, na mdogo wako, Bwana Shamba.

Tutakukumbuka kila nyanya zikiiva, Dada. Na pale tutakapokosa uhakika, tutamwaga.