Kopo la Mama Halina Kosa

Renzo,

Ukirudi kutoka zamu usizime simu, polisi watapiga. Supu iko jikoni, ipashe. Nimekwenda kazini kwa basi kwenye theluji hii, kwa sababu gari limeibwa usiku hapo nje ya gereji yetu.

Wezi hawakuvunja hata kioo. Walisimama mlangoni na kidude chao, kikanasa mawimbi ya redio ya ufunguo uliomo humu ndani, gari likadhani mwenyewe kafika, likafunguka na kuwaka.

Mama yako analia tangu alfajiri. Unajua yeye ndiye hufungia ufunguo kwenye kopo la biskuti kila jioni, bati lizuie mawimbi. Anadhani jana hakukaza mfuniko. Nimeangalia: ulikazwa, na ufunguo umo.

Kisha nikagusa koti lako la kanisani pale mlangoni. Ufunguo wa akiba umo mfukoni tangu Jumapili, ulipowasha gari lipate joto kabla ya misa. Wewe baridi unaiogopa kuliko wezi, bwana.

Nimechoka, sina nguvu za kugombana. Mpe mama dawa zake. ~~Nitamweleza mimi jioni.~~ Hapana, mweleze wewe. Ameshaniomba msamaha mara tatu.

Mkeo